Dokta Alisema Nipunguze Wanga

Kidonda kilianza kama punje moja ya mahindi, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, pale ukanda wa katambuga unapobana. Baada ya mwezi kikawa punje mbili. Mimi nauza maharage kwenye gulio la Nyakahura, kutazama punje ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sikuweza hata kujidanganya.

Mama yangu alianza hivyohivyo, kule Kanazi. Kidole, halafu wayo, halafu wakamkata chini ya goti, na mavuno yaliyofuata hakuyaona. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe wa kituo cha afya aliponiambia sukari imepanda, kilo ni tisini na nne, na kidonda hakitafunga nisipobadili ulaji na kupungua, nilielewa mara ya kwanza. Nikamwomba arudie tu, maana sikubali hesabu niliyoisikia mara moja.

"Kilo kumi," alisema. "Polepole, mbili kwa mwezi. Usijishindishe njaa."

"Dada yangu, kumi ni nyingi. Chukua sita."

"Mama, hapa si gulioni. Kilo ni zako na mguu ni wako."

"Basi saba, tusikosane."

Hakucheka. Alichora sahani kwenye karatasi: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo wanga. Wanga, alieleza, ndio huo ugali, ndizi za kupika, muhogo na viazi. Usizidi ngumi moja. Nikauliza ngumi ya nani, kwa sababu mume wangu ana ngumi nzuri sana.

"Yako," alisema.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe. Yeye ni Msukuma, alihamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga. Mimi ni Mhangaza. Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu na neno mayu, yaani mama, na Kihangaza chake hakijaanza. Tunaelewana kwa Kiswahili, mimi cha gulioni, yeye cha kanisani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Wamesemaje huko?"

"Dokta anasema kinachoniumiza ni wanga. Nipunguze wanga."

Aliweka ungo chini. "Kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Na karatasi kanipa."

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu. Siku hizi hata hospitali wamekubali."

Nikafurahi kwamba mzee wa watu ameelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Kesho yake asubuhi akanishika mkono, akaniwekea kikombe kikubwa cha kitu cheusi, kizito, kichungu mbele na kitamu nyuma.

"Dawa ya kupunguza wanga. Asubuhi, mchana, jioni."

"Ina nini, mayu?"

"Mizizi. Na asali, mizizi ipate kushuka."

Nikanywa. Dawa si chakula, na asali ya porini, nilijiambia, si sukari ya dukani.

Miezi miwili nilikula kwa ngumi. Nilihesabu matonge ya ugali, saba, nikarudia kuhesabu, yakawa saba. Nikipika ndizi za watoto nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka wamalize, kwa sababu harufu ya ndizi zilizoungwa na maharage mimi nimezaliwa nayo, haijawahi kuniomba ruhusa ya kuingia. Gulioni mnunuzi mmoja wa kutoka Biharamulo mjini akanikagua kama gunia. "Mama, umekonda uso tu, chini bado. Au unaumwa ule ugonjwa?" Nikamwambia achague maharage, mimi siuzwi. Lakini alikuwa amesema kweli. Mwezi wa kwanza zilitoka kilo mbili. Wa pili ikarudi moja na nusu.

Na mboga ziliniishia. Jirani yetu mjane, aliyekuwa akiniletea mchicha kila siku ya pili, aliacha kupita. Nilidhani amechoka kugawa.

Kidonda kikaanza kunuka. Mume wangu akawa anafungua dirisha kila nikikaa karibu. Afadhali angesema tu. Nilikuwa nikijaribu kutembea kwa mguu mmoja uani, nikishika ukuta, nione ningewezaje kupanga magunia.

Nikarudi kituoni. Sukari ilikuwa juu kuliko mwanzo. Nikamwambia yule dada kwamba karatasi yake ni ya uongo.

"Tuhesabu pamoja," alisema. "Kitu gani kingine unaingiza mdomoni?"

"Hakuna. Nimehesabu mara mbili."

"Hata dawa?"

"Dawa si chakula."

"Ya nini?"

"Ya kupunguza wanga," nikasema, na nilipolisikia lile neno likitoka kinywani mwangu nikalisikia kwa masikio ya mayu. Aliniuliza asali kiasi gani. Nikamjibu vikombe vitatu kwa siku, na nusu ya kila kikombe ni asali. Akaweka kalamu chini. Akasema niache leo hii, na kidonda wakioshe kila siku. Nikamuuliza kama mguu utapona. Akasema nije kesho.

Nilimkuta mayu anachagua mchele. Nikamweleza taratibu. Wanga wa dokta si wale wanaotembea usiku. Ni ugali.

"Ugali ndio mchawi?"

"Si mchawi, mayu. Ukizidi tu."

"Na ndizi?"

"Wanga."

"Na muhogo?"

"Wanga."

"Na viazi?" Hakungoja jibu. "Sasa sisi tulikuwa tunakula nini humu?"

Akausogeza mchele kando. "Yule mjane," alisema, "nilimwambia asikanyage tena hapa. Nilimwambia namjua ni nani."

Mchicha wangu wa miezi miwili ulikuwa umefukuzwa kwa ajili ya kuniponya. Akainuka, akachukua sufuria ya dawa, akaimwaga yote chini ya mgomba. Halafu akajifunga kanga kichwani ili aende kwa yule mama, akafika kwenye njia, akarudi.

"Nyoosha mguu kwanza," alisema.

Akapiga magoti, jambo ambalo mkwe hamfanyii mkaza mwana, akafungua bandeji mpya ya kituoni na kuinamisha uso karibu.

"Kimeingia ndani," akasema. "Kesho nakwenda na wewe. Huyo dokta anieleze mimi mwenyewe, polepole."