Doa Kwenye Bangili

Mtaani sonara huyu anaitwa Mama Msasa, maana fedha haitoki kwake na doa. Leo alilehemu bangili ya jirani bila kuipaka boraksi ya kuikinga na moto. Boraksi anayoihubiri kila siku, kaisahau mwenyewe! Alipoing'arisha, kikatokea kivuli cha zambarau, kimezama ndani ya fedha.

Msasa ungekiondoa, ila ungeondoa pia alama za meno madogo. Marehemu binti wa jirani aliitafuna bangili hiyo alipokuwa akiota meno.

Sonara alishika msasa, akauweka, akaushika tena. Mlango ukagongwa, jirani akaingia.

“Kuna doa, dada. Kosa langu.”

Jirani hakuliangalia doa. Alipapasa bangili polepole kwa kidole gumba, mpaka kikasimama.

“Meno yake yapo,” akasema.