Shimo la Jengkol la Mak Iroh

Kucha za mama mkwe wangu, Mak Iroh, zilikuwa na udongo hata siku ya Idi. Udongo wenyewe ni wa uani kwetu, nyuma ya jiko, alikokuwa akifukia jengkol. Mbegu hizo nene ukizila mbichi, mkojo wako unamtangazia jirani ulichokula. Lakini Mak akizifukia mpaka zichipue, akazichemsha, akazipondaponda na kuzipika kwa tui, watu walivuka mto na mabakuli yao. Alisomesha watoto wawili kwa mbegu hizo. Sheria yake ilikuwa moja tu: "Isiyochipua hailiwi. Itakuziba mkojo, ufe huku unajiona."

Teh Nining, yaani Dada Nining, wifi yangu, alisomeshwa na jengkol kisha akaionea haya. Ramadhani ile binti yake alikuwa anaposwa, na wakwe wa Jakarta walikuwa waje kufuturu kwetu, maana nyumba ya Mak ndiyo nyumba ya ukoo. Nining alifika mapema akakagua vyoo. Sisemi uongo, aliinama akanusa.

"Mak, mpaka wageni waondoke, jengkol isiliwe humu. Apa."

"Nikiapa utanipa nini?"

"Mak!"

"Haya, bibi mkubwa. Wallahi sili."

Kabla wageni hawajafika, asubuhi moja nilimkuta Mak bafuni ameng'ang'ania kiuno, jasho linamtiririka. Mwanamke huyu jana yake alikuwa akinigombeza huku kabeba ndoo mbili za maji! Mkojo ulitoka matone, tena mekundu, kisha haukutoka tena.

Hospitalini daktari, binti wa kwetu kwetu, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile ambalo ningeuliza mimi. "Mak, umekula jengkol?"

Mdomo wa Mak ulinukia tambuu ya usiku, hata harufu ya jengkol usingeipata. Akamtazama Nining. "Sijala, Neng Dokta, binti yangu. Mimi nimefunga."

Nani angemkatalia bibi wa umri ule, tena mwezi mtukufu? Daktari akaamini, nami nikaamini. Akatuambia figo zimesimama ghafla, na kwa uzee ule na presha aliyokuwa nayo miaka mingi, huenda zimechakaa. Damu ingehitaji kusafishwa kwa mashine, pengine maisha yake yote. Familia iamue. Nikaketi juu ya ndoo ya mtu.

Kwetu mtu akitajwa kusafishwa damu, majirani huanza kumhesabu kama marehemu. Nining na mume wangu Kosasih walisogea nyuma ya pazia la kitanda, Mak akiwa amefumba macho. Mimi mkaza mwana nani aniulize? Nilipewa chupa ya chai niishike.

"La kuvunda halina ubani," Nining alisema. "Mtu mzima tusimtese na mashine. Akapumzikie kwake."

"Na wageni?" Kosasih aliuliza huku analia.

"Tutawaambia amechoka."

Wakamwambia daktari hapana. Mimi nikatumwa nyumbani kutandika chumba cha kufia. Naandika hivi na hasira bado ninayo.

Nilikwenda uani kuchukua ufagio, nikaliona shimo. Limefukuliwa. Hakuna mkono mwingine zaidi ya wa Mak uliowahi kuligusa shimo lile. Nikapiga magoti nikachimba: mbegu zilizobaki zilikuwa ngumu, hakuna hata moja iliyochipua. Chini ya jani la mgomba palikuwa na rundo la maganda na kibakuli cha pilipili kilichojaa sisimizi. Nikapiga ukelele. Mak Iroh, mwenye sheria! Ndipo nikakumbuka alivyofuturu tende moja, akasema ameshiba, akatoka kupunga upepo. Kumbe alizila mbichi, maana kupika kungenuka, tena gizani, mwili mkavu kwa saumu, nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi.

Nikafunga maganda kwenye kanga, nikadandia bodaboda. Dereva akakunja pua. "Dada, umebeba nini?"

"Figo za mtu. Endesha!"

Nikayamwaga maganda mezani kwa daktari. Akaruka kitini. Akasema sumu ya jengkol huganda vipande vidogo vidogo vikaziba figo, na figo zilizozibwa hivyo mara nyingi huamka. Mashine ingemvusha tu siku hizo mbaya.

"Mak, kwa nini hukusema?" Nining aliuliza.

"Uliniapisha."

Kosasih akafungua mdomo kujibu kuhusu mashine. Daktari akamzuia kwa mkono. "Safari hii namuuliza mwenyewe. Mak, tukusafishe damu?"

"Nitarudi nyumbani?"

"Siwezi kuapa. Natumaini."

"Wewe afadhali huapi," Mak alisema. "Nisafisheni."

Aliunganishwa na mashine mara kadhaa, na kila mara nilishika kidole chake chenye udongo. Kisha asubuhi moja muuguzi alitoka akicheka, kaziba pua: mkojo umekuja! Nililia mbele za watu bila haya.

Ugeni ulisogezwa mbele, wakwe wakaja baada ya Idi. Siku moja kabla, Nining alileta pazia jipya la chumba cha Mak, la maua, la bei. Akalitundika mwenyewe, akasubiri kusifiwa. Mak akalishika kati ya vidole viwili, akalipapasa polepole.

"Zuri, Neng. Zito. Lile la hospitali lilikuwa jepesi mno, nilisikia yote."

Kosasih akainamisha kichwa. Nining alibaki juu ya kiti, mikono ingali imeshika pazia. Mak akachukua jembe lake dogo nyuma ya mlango, akatoka kwenda uani.