Dawa Alizoletewa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na presha, na alikuwa na watoto wanaompenda. Presha angeishi nayo.

Miaka ile dhahabu ilipotoka kwetu Tarime, kila aliyepanda kutoka kwenye duara, shimo la kuchimbia, na chochote alitaka ionekane kwa mama yake. Shemeji yangu mkubwa alimletea vidonge vya maumivu kutoka machimboni, vilevile wanavyomeza wachimbaji ili migongo isiwaangushe. Wifi, aliyeolewa Kenya, alivusha dawa za presha pale mpakani Sirari, maana za kwetu alizidharau. Na za zahanati zilikuwepo. Kwetu mzazi hakatai alicholetewa na mtoto. Ni kama kumlaani. Basi mama alimeza vyote, tena mbele ya mletaji, asije akaambiwa ana upendeleo.

Mimi ndiye niliyeishi naye. Mimi ndiye niliyemwokota uani alipoanguka kwa kizunguzungu. Nikakusanya dawa zote kwenye mfuko, nikampelekea daktari wa zahanati. Akazipanga mezani, akanuna. Za Kenya na za kwake zilikuwa dawa ileile, maboksi tu tofauti; mama alikuwa anameza dozi mara mbili. Na vile vya maumivu, vikichanganywa na za presha, vingemharibia figo.

Nikayasema nyumbani mbele ya wote. Wifi akacheka.

"Mama, huyu amechoka kukuuguza, sasa anakunyima dawa."

Mama akaniangalia kama mbwa aliyeingia jikoni. "Wewe umeniletea nini tangu uolewe?"

Nilimletea uji na maji ya kuoga, na hivyo havina boksi. Siku hiyo nilimchukia, sifichi.

Miguu ikavimba, mkojo ukakata. Shemeji akaja na pikipiki mpya na vidonge vikali zaidi.

"Shemeji, tumpeleke hospitali," nikamwambia. "Hivyo achana navyo."

"Leta maji."

Nikakataa. Akachota mwenyewe, akamwinua mama yake kichwa. "Lete, mura wangu," mama akamwambia kijana wake, akafungua mdomo kwa furaha ambayo mimi sikuwahi kuiona.

Tulimzika wiki ileile. Kaburini shemeji akawaambia waombolezaji kwamba hakuwahi kumnyima mama yake kitu, nao wakamsifu. Kisha wifi akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote kwa nini nilimnyima mama maji.