Ngoma Ambayo Haikuwepo

Asubuhi Bu Lasmini aliuza wali wa nazi, na alasiri ya Alhamisi alipiga selo redioni. Mtaani kwetu, hapa mjini Solo, kisiwani Java, watu walimtambua kwa vidole vyake. Alichota wali wa moto kwa mkono, akauweka juu ya jani la mgomba, akaongeza kuku wa kuchambua na mchuzi, wala hakupuliza vidole. Mteja mgeni akimwonea huruma, alimwambia, "Hivi vilishakufa zamani. Vimebaki kusikia nyuzi tu."

Mimi nilikuwa mtunza kanda wa redio yetu ndogo iliyoko kando ya mto Pepe. Kwetu Bu ni mama, Pak ni baba na Mas ni kaka; Bu Lasmini alizoea kuniita Dik Wardi, kama dada anavyomwita mdogo wake, na mengi ninayoandika hapa niliyapata nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, jani la wali mkononi, daftari mfukoni.

Selo yake, ile fidla kubwa ya sauti nzito, ilikuwa ya baba yake, Pak Sarmidi. Katika keroncong, muziki wetu wa zamani wa nyuzi, hatuipigi kwa upinde. Mpigaji huikalisha kati ya magoti na kuidonoa kwa vidole. Magitaa mawili madogo, cuk na cak, hujibizana, filimbi na fidla huzunguka juu, na mwimbaji huja nyuma ya wote kama mtu asiye na haraka. Ngoma haimo. Hilo ndilo jambo la kwanza analoambiwa mtoto anayejifunza: keroncong haina ngoma.

Kaka zake wawili walitaka gitaa la umeme. Lasmini akiwa na miaka kumi na minne ndiye aliyebaki kukaa na baba. Wanawake kwetu huimba, hawapigi selo, na shangazi yake alikasirika.

"Utamwoza kwa nani huyu, Sarmidi, anayekaa na gogo kati ya magoti?"

"Atakayemchukua," Pak Sarmidi akajibu, "atapewa na selo bure."

Aliyemchukua alikuwa dereva wa becak, ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye kiti cha abiria mbele. Kwa miaka ishirini na sita Giyono alimpeleka mkewe kupiga harusini, selo ikiwa imekaa kwenye kiti na mke akitembea kando. Watu waliwatania kwamba Giyono ana wake wawili na anamjua mkubwa ni nani. Giyono alipofariki, selo ilianza kupanda teksi.

Kundi lao liliitwa Sekar Kanthil. Walikuwa wanane walipoanza, wakabaki sita. Kila Alhamisi saa kumi alasiri walipiga moja kwa moja redioni, nusu saa nzima, kwa miaka kumi na tisa. Malipo yalikuwa chai na keki za mchele. Lakini gari la redio liliwafuata majumbani na kuwarudisha, na bila gari hilo nusu yao wasingetoka. Pak Darsi, mpiga filimbi, alikuwa na miaka sabini na nane, na watoto wake hawakumruhusu kuvuka hata barabara. Aliniambia kwamba siku nyingine sita za wiki yeye ni mgonjwa, na Alhamisi ni mpiga filimbi.

Harusini mambo yalikuwa yamebadilika. Wageni walitaka koplo, ile dangdut ya kasi, muziki wa kuchezea unaoendeshwa na mkono wa ngoma ya kendang, yaani mdundo unaoruka na kukatika mpaka mabega ya watu yanaanza kwenda yenyewe. Wenye harusi walianza kuwaita Sekar Kanthil mwanzo tu, wakati wazee wanakula, kisha wakawaondoa jukwaani. Bu Lasmini hakulalamika. Alikwenda kwa jirani yake, Mas Tejo, mpiga kendang wa koplo, akamwomba apige polepole naye aangalie. Miaka mitatu alirudi kule na selo yake. Kidole gumba kwenye uzi mnene kilitoa mlio wa ngozi kubwa ya kendang. Kwa ngozi ndogo aliukandamiza uzi mwembamba na kuuchapa kwa ncha ya kidole cha shahada, ukatoa mlio mkavu usio na nota. Mwisho Mas Tejo alimwambia, "Bu, sasa utanikosesha kazi."

Basi Sekar Kanthil wakawa wanaanza langgam, wimbo wa taratibu wa keroncong, kama kawaida, halafu katikati selo inageuka kuwa ngoma, na wageni wanaweka sahani chini. Hatua kwa hatua mkono ule uliingia hata Alhamisi.

Mwaka 2006 redio ilipata mkuu mpya wa vipindi, Mas Yudanto, kijana msafi mwenye adabu. Alikuja kwenye chumba changu cha kanda akaangalia rafu.

"Pak Wardi, unazipangaje?"

Nilimwambia kwamba nahesabu. Wimbo wenye vipimo ishirini na nane ni keroncong asilia, wenye thelathini na viwili ni langgam, wenye kumi na sita ni stambul. Nyimbo zilizochanganya gamelan, ala zetu za shaba za kugongwa, na kinanda cha umeme nimeziweka kwenye campursari. Dangdut iko karibu na mlango kwa sababu ndiyo inayoombwa zaidi.

"Na hizi za kwenye boksi?"

"Hizo bado naziwaza."

Boksi lilikuwa na kanda mia moja na kumi na saba. Hakucheka. Alisema msikilizaji akifungua redio anapaswa kujua amefungua nini, na mimi, kusema kweli, nilikubaliana naye. Akaamua kwamba Alhamisi ibaki keroncong tupu, Jumamosi dangdut, Jumapili campursari. Jumapili ilikuwa imeshajaa. Makundi yote ya Alhamisi yangepimwa upya, na lisilokuwa keroncong lingetoka.

Ili pasiwe na upendeleo, majaji waliketi nyuma ya kitambaa cheupe tulichoazima kwa bwana mmoja wa michezo ya vivuli. Makundi yaliingia kwa namba. Mimi nilikuwa katibu: nilishika orodha ya wapigaji na ala zao ndani ya bahasha iliyofungwa, na nilikatazwa kusema neno. Majaji walikuwa watatu: Pak Dibyo, mwalimu wa muziki, Bu Retna, mwimbaji mstaafu, na Pak Atmowiyono, mpiga cuk wa zamani ambaye wote tulimheshimu.

Sekar Kanthil walikuwa namba nne. Walipiga langgam moja ya Kijava. Nusu ya kwanza ilikuwa tulivu, ya pili selo ikageuka. Nikaona kalamu tatu, kupitia pembeni mwa kitambaa, zikiandika kwa wakati mmoja.

Mas Yudanto alisoma matokeo mbele ya wote. "Namba nne, samahani sana. Majaji watatu wameandika jambo moja: kundi limetumia ngoma ya kendang. Siyo keroncong. Campursari."

Pak Darsi akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Ngoma? Ngoma ipi, Mas? Nimeificha kwenye filimbi?"

Sauti ya Pak Dibyo ikatoka nyuma ya kitambaa. "Msitufanyie mzaha. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, kendang naijua. Hata mkono naujua. Huo ni wa koplo."

"Asante, Pak," akasema Bu Lasmini.

"Asante ya nini?"

"Ya kuujua mkono." Akanigeukia. "Dik Wardi, hebu shusha hicho kitambaa."

Nilimtazama Mas Yudanto. Akatikisa kichwa kukubali, nikafungua kamba. Pak Dibyo alisimama. Aliangalia wapigaji sita, akaangalia nyuma ya viti vyao, akainama akaangalia chini ya meza ya chai. Nikafungua bahasha nikamsomea: filimbi, fidla, cuk, cak, selo, na mwimbaji.

"Piga tena," akasema.

Bu Lasmini akapiga peke yake. Pak Dibyo aliangalia vile vidole, akafumba macho, akafumbua, akafumba tena. Akaketi.

"Haya, ngoma haipo. Lakini nimeisikia. Na msikilizaji wa nyumbani naye hana macho, Bu. Yeye atasikia ngoma kama nilivyosikia mimi."

Rafu zangu zote nilikuwa nimezipanga kwa kilichomo ndani ya kanda, na humo ndani ngoma ilisikika.

"Basi nisikilize na hii," akasema Bu Lasmini. Akapiga mkono wa taratibu, ule wa langgam za zamani, unaotembea na kusimama, unatembea na kusimama. "Na hii je, ni nini?"

"Hiyo ni keroncong," akasema Pak Dibyo. "Langgam ya Kijava yenyewe."

"Hii nayo ni kendang, Pak. Marehemu baba aliichukua kwa mpiga kendang wa vivuli, mwaka wa sitini na tatu. Shangazi yangu alimwambia anaharibu muziki wa watu. Ile nyingine nimeichukua kwa Mas Tejo, jirani yangu. Mbona ya baba haikuandikwa kwamba ni ngoma?"

"Ile imeshazoeleka."

"Kwa hiyo," Bu Retna akadakia, "tumsubiri Mas Tejo afe ndipo tuandike keroncong?"

"Nitamwambia," akasema Pak Darsi. "Atafurahi."

Watu wakacheka, hata Mas Yudanto. Pak Dibyo hakucheka, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa anafikiri kweli. Alisema, kama anajiuliza, kwamba ukiruhusu mkono huu leo, kesho mtu ataleta kinanda kinachoiga selo inayoiga ngoma, na Alhamisi itakuwa jina tu. Bu Retna akamkumbusha kwamba hata vile vigitaa inasemekana vililetwa na Wareno. Akajibu kwamba hilo halisaidii. Kitu kikiwa kimeingia zamani haimaanishi mlango haupo.

Mwisho wote wakamgeukia Pak Atmowiyono.

"Swali la Bu Lasmini sina jibu lake," akasema. "Nina jibu la Alhamisi tu. Wanaofungua redio Alhamisi saa kumi wanatafuta ule wa taratibu. Mimi ni mmoja wao. Bu, piga huo hapa, kundi lako libaki. Ule mwingine upige harusini."

Pak Dibyo akakubali. Mas Yudanto akakubali. Ikabaki kwake.

Bu Lasmini aliangalia mikono yake. Pak Darsi alikuwa akifuta filimbi kwa leso, anaifuta, anaifuta tena, na ilikuwa kavu.

"Ule wa taratibu ni wa baba," akasema Bu Lasmini, kwa sauti ambayo nadhani mimi niliyekuwa karibu tu ndiye niliyeisikia vizuri. "Huu ndio nilioutengeneza mwenyewe."

Kisha akainua kichwa. "Sawa, Pak. Alhamisi ya baba."

Niliandika: namba nne, keroncong. Pak Darsi alirudisha filimbi mfukoni.

Bu Lasmini alitimiza neno lake. Alhamisi ya kwanza na ya pili alipiga taratibu tangu mwanzo hadi mwisho, mgongo umenyooka, kama mtu aliyevaa nguo ya mwingine na hataki kuichafua. Simu zilikuja chache, kama kawaida. Msikilizaji mmoja alisema kipindi kimerudi kuwa chenyewe. Mwingine aliuliza kama mpiga selo anaumwa. Nilimfikishia zote mbili. Alicheka kwa ya pili, akanipa yai la bure juu ya wali.

Alhamisi ya tatu mpiga cuk wao alivimba mguu. Mas Yudanto akampigia simu Pak Atmowiyono kuomba msaada, na mzee akaja na cuk yake ndani ya foronya, amevaa batiki iliyopigwa pasi, amefurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Miaka tisa hakuwa amepiga hewani.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili, kwenye nusu ya pili, nilimwona kupitia kioo akianza kuinama mbele. Cuk yake ikawa inajaza nafasi ambazo hazikuwa za kujazwa. Mkono wake wa kulia ukaongeza mwendo, kidogo, kisha zaidi, na bega la kushoto likaanza kupanda na kushuka. Filimbi ikamfuata. Mwimbaji akageuka kuwatazama. Kila kitu pale kilikuwa kinaingoja selo igeuke.

Selo haikugeuka. Bu Lasmini alibaki na hatua zake za baba, anatembea na kusimama, macho kwenye ukuta, jasho likimtoka kwenye nywele. Aliwavuta wote nyuma, mmoja mmoja, mpaka wimbo ukaisha mahali ulipotakiwa.

Taa nyekundu ilizimika kwa ajili ya matangazo. Nilifungua mlango kuwapa maji.

"Taratibu, Pak," alikuwa anamwambia Pak Atmowiyono, bila ukali. "Leo Alhamisi."

Mzee alikuwa ameiweka cuk magotini, anahema. "Mkono umetoroka wenyewe, Bu. Sikuutuma."

"Najua. Wangu nao unatoroka. Naushika."

"Kila wiki?"

"Kila wimbo."

Mzee alikaza kigingi cha uzi mmoja ambao haukuwa umelegea. Matangazo yalikuwa yanakaribia kwisha, sabuni na dawa ya mbu, na Mas Yudanto aliinua vidole vitatu nyuma ya kioo.

"Jumapili mnapiga wapi?" Pak Atmowiyono akauliza.

"Laweyan, kwa fundi wa batiki. Anaoza binti."

"Mpiga cuk wenu atakuwa amepona?"

"Hajapona," akasema Bu Lasmini. "Uje saa nne. Na usivae hiyo batiki, utaloa jasho."

Taa nyekundu ikawaka, akaweka kidole gumba kwenye uzi mnene, akaanza taratibu.