Ndugu Walio Nje

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi hapa Oman, katika ofisi ya kujaziwa fomu mjini Sur, nilikaa nyuma ya bibi na mjukuu wake anayesoma chuo. Kijana alikuwa akiomba kazi ya afisa wa ujasusi katika jeshi la majini.

"Ndugu walio nje ya nchi?" karani aliuliza.

"Hakuna."

Bibi akamgeukia. "Na kaka yangu wa Pemba kafa lini?"

"Bibi, wakiona nina watu nje watanitoa."

Bibi hakubishana. Alimpigia simu kaka yake, akaweka spika. "Kaka, mjukuu wako anaomba kazi. Akuandike, asikuandike?"

Kaka yake akajibu, "Ikiwa nitamharibia, asiniandike. Mungu amfungulie."

Kijana aliichukua simu. "Shikamoo, babu. Nipe jina lako kamili."

"Marahaba. La nini tena?"

"La fomu."

Kumbe kazi ya siri huanza kwa kusema kila kitu. Sijui kama atachukuliwa. Karani alipouliza kama wapo wengine, bibi alivuta kiti karibu, nami nikajua zamu yangu haitafika kabla ya adhuhuri.