Besi ya Nasra

Wenzangu mliokulia Ibra, huku Oman, miaka ya tisini mtanielewa. Alasiri za kiangazi zilikuwa ndefu, jua halina huruma, na simu ilikuwa moja tu, ya mezani, tena ya baba. Tulicheza nage uani mpaka nyayo zikaungua, tukala tende na maziwa ya mgando, tukagombana, tukapatana. Tukishachoka na yote hayo, tuliimba.

Tulikuwa wanne: mimi, dada yangu Samira, jirani yetu Shamsa, na Nasra, binti wa ami yangu. Kanda iliyotuponza ilikuwa ya baba. Alikuja nayo kutoka Bujumbura, alikozaliwa. Ndani yake wanaume wa Kimarekani waliimba bila ala yoyote: mmoja anaongoza, wawili wanamwitikia kwa juu, na wa nne, wa besi, kakaa chini kabisa anatia dum-dum-dum kwa kinywa, utadhani kameza ngoma. Kiingereza chao hatukukifahamu hata neno, basi tukatia maneno yetu. Wimbo wetu wa kwanza ulikuwa wa mandazi ya mama yaliyoungua kwa sababu alikuwa akizungumza na jirani mlangoni. Mama aliusikia akasema, "Nyinyi mtanitangaza mpaka Bidiya."

Tulifanya mazoezi jikoni kwa kina Nasra, kwani kuta zake zilirudisha sauti vizuri. Ami Nasor, baba yake, hakutaka ala za muziki nyumbani kwake. Tulipomwomba ruhusa alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mdomo kauumba Mwenyezi Mungu. Siwezi kuupiga marufuku. Lakini chai yangu isichelewe."

Nasra alikuwa na sauti nzito tangu utotoni. Skuli akiitikia salamu ya mwalimu, wasichana wa madarasa mengine waligeuka kutazama. Kwa hivyo akazoea kunyamaza. Hata jibu akilijua, hanyooshi mkono. Siku ile jikoni tulikuwa tunatafuta nani wa kukaa chini, na sote tulikuwa na sauti za vifaranga. Nasra alikuwa anamenya vitunguu. Bila kuinua kichwa akaanza, dum-dum-dum, taratibu, na masufuria kwenye rafu yakatetemeka. Samira akaacha kuimba.

"Wewe ulikuwa wapi siku zote?" akamuuliza.

"Hapa hapa," Nasra akasema. "Hamkuniuliza."

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Tuliitwa kwenye posa ya jirani, halafu kwenye harusi, upande wa wanawake, na watu wakatupa jina: Banati wa Uani, yaani mabinti wa uani. Samira alitushonea nguo za kitambaa kimoja. Mkono wa kushoto wa nguo yangu ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, nami niliuficha nyuma ya Shamsa. Tulilipwa halwa na udi, tukajiona mabibi wakubwa.

Kisha tukaalikwa harusi, mji wa Al Qabil. Tuliimba vizuri siku ile, labda kuliko siku zote. Tulipomaliza, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mchangamfu, akasema kwa nguvu, "Huyu wa nyuma angelivaa dishdasha kama wanaume, tungelifunika nyuso zetu." Ukumbi mzima ukacheka. Nasra naye alicheka. Lakini baada ya hapo tukimfuata kwa mazoezi alikuwa na kichwa kinamuuma, au ana nguo za kupiga pasi. Mwisho akatuambia, "Tafuteni mwengine. Mimi khalas."

Mwengine hakuwepo. Na harusi ya binamu yake Shamsa, huko Sur, ilikuwa imekaribia, tumeshakubali. Nasra alikuja, lakini alikuja kama mgeni, akakaa ukutani pamoja na mama yake, Bi Zakia. Huyu Bi Zakia alikuwa mtu wa kunong'ona. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake unaiona midomoni tu. Sisi tulidhani ni adabu za Unguja, alikokulia.

Tukaanza kuimba watatu. Wimbo ulielea juu, hauna pa kukaa. Nikaona wanawake wanaanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, na bibi harusi anatutazama kwa huruma. Samira akanibana kidole. Hapo ndipo sauti ilipokuja kutoka ukutani, nzito, imetulia, dum-dum-dum. Nikageuka nikidhani ni Nasra. Alikuwa Bi Zakia, kasimama na abaya yake, mkono mmoja kifuani.

Waliyoambiana alitusimulia Nasra baadaye. Alimuuliza, "Mama, hiyo sauti yako?"

"Yangu. Nimeificha tangu nilipokuwa mdogo kama wewe, na sitaki nikurithishe na huko kuificha. Haya, simama, mwanangu. Pumzi zinaniishia."

Nasra akasimama. Akapita katikati ya wanawake mpaka pale tulipokuwepo, na mama yake hakukaa chini mpaka alipomsikia mwanawe kashika besi. Vigelegele vilivyopigwa Sur siku ile sijavisikia tena.

Tuliimba miaka kadhaa baada ya hapo, Nizwa, Izki, mpaka mji wa Adam. Yule shangazi wa Al Qabil alipomwoza binti yake alituita mwenyewe, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Yule mwenye besi anakuja?" Halafu maisha yakatugawa. Shamsa akaolewa Sur. Samira akaenda kusomea uuguzi. Nasra sasa ni mwalimu Izki, na akisema uwanjani asubuhi, hakuna haja ya kipaza sauti.

Vijana wa leo nao wanaimba, usiseme hawaimbi. Binti yangu Maryam ana kikundi chake. Mmoja yuko Nizwa, mmoja Sur, yeye Maskati. Kila mtu anaimba chumbani mwake, kwenye simu yake, kisha mashine inawaunganisha na kumnyoosha aliyepotoka. Na Kiswahili chao? "Mama, wimbo yangu kizuri?" Namwambia, kizuri mwanangu, ila wimbo ni mzuri.

Idi iliyopita tulikutana wanne kwa Nasra. Baada ya kula, bila kupanga, Samira akaanzisha wimbo mmoja wa harusi, nasi tukaingia. Magoti yanauma, sauti za juu hazifiki tena. Maryam alikaa anatutazama. Tulipomaliza akasema, "Mama, nyote mnavuta pumzi pamoja. Wala hamtazamani."

Miaka yote ile sikuwahi kuligundua hilo. Nikataka kumwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa zamani, watu wakikaa chumba kimoja, lakini yeye alikuwa keshatoka kwenda uani na simu yake. Nikamsikia anasema na wenzake: "Ijumaa njooni kwetu. Nyote. La, si kwa simu. Njooni."