Jiko la Neema limegoma mbele ya mama mkwe

Leo nimefurahi kuona jiko la mwenzangu limegoma. Nisemeni tu.

Neema, mke wa shemeji yangu, ametoka mjini, Mwisenge, na jiko jipya la presha la umeme. Zawadi kwa mama mkwe wetu hapa kijijini Suguti.

Tangu asubuhi mama anaita majirani. "Njooni muone alichoniletea mkwe wangu!"

Na mimi ninayempikiaga kila siku? Niko pembeni nachambua maharage kwa wivu.

Maharage yakaingia. Neema akabonyeza. Jiko likalia, likaandika E1. Akabonyeza tena, E1. Halipati moto.

Moyoni mwangu ni sherehe!

Halafu nikaona Neema anabonyeza kila kitufe huku akiniangalia mimi.

Nikachomoa waya, nikainua sufuria ya ndani. Chini imelowa! Aliiosha, hakuifuta. Nikaikausha kwa kanga, na pale inapokalia, nikarudisha, nikachomeka waya. Likapata moto.

Mama akapiga vigelegele. "Neema mwanangu, jiko zuri hili!"

Neema, jamani. Sio mimi!

Nikatoka nje kupoza hasira. Neema akanifuata.

"Dada, asante. Unajua kwa nini nimelinunua? Nikijaga huku mama hanipi hata mwiko. Anasema anayejua kumpikia ni wewe tu."

Kumbe na yeye ananionea wivu mimi! Tukacheka mpaka machozi.

Ila mama alipoonja maharage akasema ni matamu kuliko yangu ya kuni, roho imeniuma upya.

Nyie mngenuna au mngekula?

Mimi nimekula nimenuna.